Uchambuzi: Viini vya Linux ni vingi, lakini nani atavitia viraka kesho?

Tangu kampuni ya Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10 hapo tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zimejikuta hazina mlinzi.

Baadhi ya wamiliki wasiokuwa na fedha za kununua mpya wanahamia mfumo huria wa Linux. Huko wanakutana na swali wasilolitarajia: kati ya viini vingi vya mfumo huo, kila kimoja na viraka vyake, wachukue kipi?

Huenda swali hilo likaonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini linamhusu pia kila anayetuma fedha kwa simu ya mkononi mjini Nairobi, Dodoma au Bukavu, na kila serikali inayonunua vifaa kwa fedha za walipa kodi.

Kompyuta zilizoachwa Clairwood

Clairwood, kusini mwa Durban nchini Afrika Kusini, ni mtaa uliobanwa kati ya bandari, reli na viwanda. Wengi wa wakazi wake wa zamani ni wajukuu wa wakulima wa mboga wenye asili ya India, ambao kwa miongo mingi walizipigania nyumba zao dhidi ya mipango ya kuligeuza eneo hilo kuwa la viwanda.

Hata uwanja wake mashuhuri wa mbio za farasi umekwishageuzwa kuwa maghala. Si mbali na hapo ni Bluff, ambako Wazanzibari wa Durban, kizazi cha watu waliokombolewa utumwani na kuletwa Natal kuanzia mwaka 1873, waliishi hadi sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth.

Katika mtaa huu wa malori na makontena, fundi mmoja kutoka Kivu hufufua kompyuta zilizotupwa na ofisi za usafirishaji. Mimi, mhariri niliyeihama nchi yangu, nilimpelekea ya kwangu, ambayo ndani yake mna majina ya watu niliowaacha nyumbani na ambao bado huniandikia.

Fundi alinieleza aina nne za viini anavyoweza kuniwekea. Nilipomuuliza kilicho bora, alitabasamu. “Mzee, vyote vinawaka,” alisema. “Swali ni nani atakayevitia viraka mwakani.”

Kiini ni nini?

Kiini, ambacho mafundi hukiita keneli, ndicho moyo wa mfumo endeshi. Hugawa kumbukumbu, husoma diski, huzungumza na mtandao, na huamua programu ipi iguse kitu gani.

Programu nyingine zote huomba ruhusa kwake. Kwa hiyo anayekiteka kiini ameiteka kompyuta nzima, na hata programu ya mawasiliano yenye usiri mkubwa kiasi gani haitamzuia kusoma kilichoandikwa.

Kiini cha Linux kilitangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Mwaka uliofuata kiliwekwa chini ya leseni huria inayomruhusu kila mtu kukichukua, kukibadili na kukisambaza, ilimradi anayekisambaza atoe pia mabadiliko yake chini ya masharti yale yale.

Uhuru huo ndio uliozaa wingi wa viini. Kuna kile kitokacho kwa Torvalds na wenzake moja kwa moja, ambacho mafundi hukiita vanila, kwa maana kwamba hakikutiwa kiungo kingine. Kuna matoleo ya muda mrefu, ambayo tangu mfumo wa matoleo tulivu ulipoanzishwa mwaka 2005 yamehusishwa zaidi na jina la Greg Kroah-Hartman.

Kuna viini vya wasambazaji kama Debian, Ubuntu na Red Hat, ambao huchukua toleo moja, wakaongeza viraka vyao na kuliahidi msaada kwa miaka kadhaa. Ubuntu, itakumbukwa, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji tafsiri kwa anayelijua neno letu la utu.

Aina ya nne ni viini vya watu binafsi. Daktari wa dawa za usingizi nchini Australia, Con Kolivas, alipata wafuasi wengi kwa viraka vyake vilivyokusudiwa kuifanya kompyuta ya nyumbani iwe nyepesi. Mwaka 2007 alichoka, akaacha, na waliomtegemea wakalazimika kutafuta pengine. Alirejea baadaye, lakini funzo lilikuwa limekwishapatikana.

Si kwamba viraka vya pembeni havina maana. Vile vinavyokiwezesha kiini kujibu kwa wakati maalumu, jambo ambalo mitambo ya viwandani na kazi za sauti hulihitaji, vilitunzwa nje ya kiini rasmi kwa takriban miaka 20. Vilikamilika kuingizwa katika toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024. Kwa muda wote huo, aliyevihitaji alilazimika kuvifuatilia mwenyewe.

Namba si ushahidi

Wengi hudhani kwamba kiini chenye namba kubwa ndicho salama zaidi. Visa viwili vinaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Oktoba 2016 ilifichuliwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW. Ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa madaraka yote ya kompyuta, na ilikuwamo ndani ya kiini tangu mwaka 2007. Aliyekuwa na kiini cha zamani kisichotiwa kiraka alikuwa hatarini, simu za Android zikiwemo.

Machi 2022 ikafichuliwa nyingine, Dirty Pipe. Safari hii mambo yalikuwa kinyume: kasoro ilianzia toleo la 5.8 la mwaka 2020, kwa hiyo waliobaki na viini vya nyuma ya hapo walisalimika, ilhali baadhi ya simu za bei kubwa na mpya kabisa zilikuwa hatarini.

Fauka ya hayo, namba yenyewe hudanganya. Red Hat ilitoa mfumo wake wa saba mwaka 2014 ukiwa na kiini namba 3.10, na iliendelea kukitia viraka chini ya namba hiyo hiyo hadi Juni 2024. Anayesoma namba peke yake atadhani ni kiini kilichokufa. Anayesoma orodha ya viraka atajua kwamba kilikuwa kikihudumiwa.

Sisi wahariri tunalijua jambo hili. Nakala mbili za kitabu kimoja zaweza kuwa na jalada lile lile, moja imesahihishwa na nyingine imejaa makosa. Msomaji makini hutazama nani aliyeisahihisha na lini.

Ahadi na uchovu

Ahadi za wasambazaji nazo zina mipaka. Desemba 2020 watumiaji wa CentOS 8, mfumo wa bure uliofuata nyayo za Red Hat, waliarifiwa kwamba msaada waliotarajia hadi mwaka 2029 ungekoma mwishoni mwa 2021. Mashirika yaliyokuwa yamejenga seva zao juu yake yalipata mwaka mmoja tu wa kuhama.

Septemba 2023, katika mkutano uliofanyika Bilbao, Uhispania, ilielezwa kwamba muda wa matoleo ya muda mrefu ya kiini ungepunguzwa kutoka miaka sita hadi miwili. Sababu zilizotolewa ni kwamba waliokuwa wakiyatumia matoleo hayo ya zamani walikuwa wachache, na waliokuwa wakiyahudumia walikuwa wamechoka. Muda huo waweza kurefushwa iwapo watajitokeza wanaoyatumia na kushiriki kuyapima.

Maana yake ni kwamba viraka havishuki kutoka mbinguni. Vinatengenezwa na watu, na watu hao wanahitaji muda, ujira na wenzao wa kuwasaidia. Nchi ambazo hutumia tu bila kushiriki huwa za mwisho kusikilizwa.

Simu isiyotoa nafasi ya kuchagua

Katika Afrika Mashariki, kiini cha Linux kinachopatikana mikononi mwa watu wengi zaidi ni kile kilichomo ndani ya simu ya Android. Huko mwenye simu hachagui chochote.

Kiini cha simu hupita mikono mingi. Google huchukua toleo la muda mrefu na kuongeza viraka vyake. Mtengenezaji wa chipu huongeza vyake, kisha kampuni ya simu nayo huongeza vyake. Kiraka cha usalama kikitolewa leo, sharti kipite njia yote hiyo kabla ya kumfikia muuza samaki wa Kisumu, na aghalabu kwa simu za bei nafuu hakifiki kabisa.

Google imejaribu kuifupisha njia hiyo kwa kutenganisha kiini cha pamoja na sehemu za watengenezaji, hasa kuanzia simu zilizotoka na Android 12 mwaka 2021. Hata hivyo, simu nyingi zinazouzwa mitumbani zilitengenezwa kabla ya hapo.

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mkoba, daftari la madeni na sanduku la akiba. Kwa aliye uhamishoni, ni pia njia pekee ya kuwafikia wazazi. Simu yenye kiini kilichosahauliwa ni nyumba ambayo mlango wake hauna komeo, na mwenye nyumba hajui.

Durban imeonja uchungu wa kompyuta kusimama. Julai 2021 shambulio la mtandaoni liliikumba kampuni ya umma ya Transnet, inayoendesha bandari na reli, na shughuli za makontena zikavurugika kwa siku kadhaa. Silitaji shambulio hilo kama kisa cha Linux. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi riziki ya dereva wa lori asiyewahi kugusa kompyuta inavyoweza kutegemea usalama wa mashine asizoziona.

Nini kifanyike?

Kwa mtu binafsi mwenye kompyuta ya kazi, jibu la busara ni kuchukua kiini cha msambazaji wake, kile cha muda mrefu, na kuviruhusu viraka viingie kila vinapotoka. Vanila mpya inamfaa mwenye kifaa kipya ambacho kiini cha zamani hakikitambui. Viini vya watu binafsi ni kwa anayejua anachokifanya na aliye tayari kuhama ghafla.

Kwa serikali, wajibu ni mkubwa zaidi. Februari 2007 baraza la mawaziri la Afrika Kusini lilipitisha sera ya kutumia programu huria serikalini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Uwezo na nia vimewahi kuonekana. Kilichokosekana ni mwendelezo.

Umoja wa Ulaya umechukua njia ya sheria. Kanuni zake zinazotumika tangu 20 Juni 2025 zinalenga kuhakikisha kwamba simu zinapata masahihisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye soko la mamilioni ya wanunuzi, haina sababu ya kuomba pungufu ya hapo. Zabuni ya serikali isiyotaja tarehe ya mwisho ya viraka inanunua nusu ya kifaa. Bei nafuu ya leo hulipwa kesho na mwananchi anayeibiwa akiba yake.

Fundi wa Clairwood aliniwekea Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, ikiwa na kiini chake chenyewe cha 6.12. Kisha alikata kipande cha karatasi, akakibandika chini ya kompyuta na kuandika: Juni 2030. Hiyo ndiyo tarehe ambayo msaada wa muda mrefu wa toleo hilo umepangiwa kukoma.

Niligeuza simu yangu kutafuta tarehe ya namna hiyo. Nyuma yake mlikuwa na jina la kampuni na namba ya modeli tu.