Reli, Barabara na Ugomvi wa Wakubwa

Hapana mahali katika nchi yetu ambapo vita baridi vya karne iliyopita viliacha alama zinazoonekana wazi kama Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia Makambako mpaka Tunduma, msafiri huiona reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina. Si mbali na reli hiyo huiona barabara kuu iendayo Zambia, ambayo sehemu kubwa yake iligharimiwa kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia. Na chini ya ardhi limelazwa bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lililojengwa na Waitalia na kuanza kazi mwaka 1968. Reli ya Wakomunisti na barabara ya mabepari zinaelekea kijiji kile kile cha mpakani, ambacho leo kimekuwa mji mkubwa.

Methali isemayo kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi haikosi ushahidi. Kongo iliumia, Lumumba akauawa Januari 1961. Vietnam iliumia. Angola ilipata uhuru mwaka 1975 huku madola yakiimwagia silaha. Wapo pia wanaojibu kwa methali nyingine, kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, wakidhani kuwa ugomvi wa wakubwa ni neema ya kukaa na kuingojea. Historia ya Mbeya na Iringa inaonyesha kwamba methali zote mbili hazitoshi. Nchi ndogo yaweza kuepuka kuwa nyasi, lakini haiwezi kuishi kwa kungojea kama kunguru.

Tukumbuke mambo yalivyoanza. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru katika Rhodesia ya Kusini. Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko kwenda baharini, ilijikuta imeshikwa koo na adui zake. Hata kabla ya siku hiyo, viongozi wa Tanzania na Zambia walikwisha kutafuta fedha za kujenga reli ya kufika Dar es Salaam, na Benki ya Dunia ikawajibu kwamba reli hiyo haitalipa, na kwamba barabara ingetosha. Hesabu hiyo haikuwa ya uongo, bali ilikuwa pungufu. Daftari la benki lilikuwa na safu ya tani za mizigo na safu ya faida. Halikuwa na safu ya kuandikia thamani ya ukombozi.

China ilikubali. Mapatano yalitiwa saini mjini Peking tarehe 5 Septemba 1967, na kazi ikazinduliwa Oktoba 1970. Ulikuwa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Wala haikuwa sadaka isiyo na sababu. China ya wakati ule ilikuwa imekosana na Washington na pia imekosana na Moscow. Ilihitaji marafiki, na mwaka 1971 iliporejeshewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoidhamini hoja hiyo. Marekani nayo, ambayo haikuiunga mkono reli, ilitoa fedha za barabara katika miaka ile ile. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake. La muhimu ni kwamba sisi pia tulikuwa na yetu.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Aliyeweza kuchagua ni yule aliyekwisha kuonyesha kuwa aweza kukataa. Mapema mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani ya Mashariki iliruhusiwa kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakuinamisha kichwa. Aliwaambia waondoe na msaada uliobaki. Tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Kwa nchi maskini zile zilikuwa fedha nyingi. Lakini baada ya hapo kila dola lilijua kwamba siasa ya kutofungamana na upande wowote si maneno ya kupamba hotuba, na kwamba reli ya Wachina isingemfanya Mtanzania kuwa Mchina.

Funzo la pili ni la jasho. Reli hii ya kilometa 1,860, ambazo 975 kati yake zimo Tanzania, haikujengwa na wageni peke yao. Vijana kwa maelfu, wakiwamo wa Jeshi la Kujenga Taifa, walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Sehemu iliyokuwa ngumu kupita zote ni kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, mahali penye mabonde, matope na miamba, ambapo ilibidi kuchimba mahandaki na kusimamisha madaraja marefu. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hii, na wengi wao wamelala katika makaburi yao nje kidogo ya Dar es Salaam. Wako pia ndugu zetu waliopoteza maisha. Gharama za humu nchini, pamoja na mishahara, zililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina madukani. Kwa hiyo mwananchi wa Rujewa au Chimala aliyenunua bidhaa hizo alikuwa, kwa kiasi chake, akiichangia reli ipitayo kwake.

Mwaka 1976 reli ilikabidhiwa, na nyanda hizi zikaendelea kupokea matunda ya pande zote. Wachina walisaidia shamba la mpunga la Mbarali. Nchi za Nordiki zilisaidia kituo cha kilimo cha Uyole. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza katika miaka ya 1980 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wa Magharibi. Umoja wa Kisovyeti ulisaidia kuanzisha Chuo cha Ufundi Mbeya mwaka 1986, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Mkulima wa Mbozi hakuulizwa kama kahawa yake ni ya kibepari au ya kikomunisti.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikuwahi kufika huko. Katika miaka yake bora, baada tu ya kukabidhiwa, ilibeba zaidi kidogo ya tani milioni 1. Mwaka wa 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Sababu za nje zipo. Zambia iliifungua tena njia ya kusini mwaka 1978. Mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Chambeshi. Na makaburu walipong'oka, bandari za kusini zikawa wazi kwa wote. Lakini zipo pia sababu zetu wenyewe: vichwa vya treni vilivyokosa vipuri, njia isiyotunzwa, mishahara iliyochelewa, na shirika la nchi mbili ambalo kila mwenye mali alimtazamia mwenzake. Mizigo ikahamia barabarani. Leo malori yanayopanda Kitonga na yale yanayopanga foleni Tunduma ndiyo yanayobeba kazi ambayo reli ilijengwa kuifanya, na barabara inalipa kwa mashimo na kwa ajali.

Mtu asiseme, basi, kwamba ubepari wa barabara umeushinda ukomunisti wa reli. Umoja wa Kisovyeti ulivunjika Desemba 1991. Taruma za reli hazikuvunjika kwa sababu hiyo. Kilichoishinda reli ni kukosa matunzo. Wakubwa hushindana katika kujenga, kwa kuwa siku ya ufunguzi huwa na bendera na picha. Hakuna dola lililowahi kushindana na jingine katika kupaka grisi.

Haya tunayakumbusha kwa sababu ushindani umerudi. Marekani na nchi za Ulaya zinaigharimia njia ya Lobito, itakayopeleka shaba ya Kongo na Zambia kwenye pwani ya Angola. China imerudi TAZARA: hati ya maelewano ilitiwa saini Peking Septemba 2024, na Septemba 2025 yakafuata mapatano ya kampuni ya Kichina kuikarabati na kuiendesha reli kwa miaka ipatayo 30, kwa mtaji wa dola bilioni 1.4. Shaba ni ile ile, na methali ni zile zile. Tofauti ni kwamba mwaka 1976 mgeni alijenga akatukabidhi. Safari hii mgeni atakaa na kuendesha.

Kwa hiyo swali la kuwauliza watumishi wa umma si kama tumemchagua rafiki wa Mashariki au wa Magharibi. Swali ni je, miaka hiyo itakapokwisha, kijana wa Makambako au wa Iyunga ataweza kuiendesha reli hiyo bila kushikwa mkono? Jibu litategemea mambo yasiyopigiwa ngoma: mkataba uliosomwa mpaka mwisho na mwenye dhamana ya kuusimamia, idadi ya mafundi wetu wanaofunzwa kila mwaka, kumbukumbu za matengenezo zinazoandikwa siku kwa siku, na fungu la vipuri lisilohamishiwa kwenye posho.

Kwa walimu tunasema: wafundisheni watoto historia hii bila kuipaka sukari. Wajue kwamba reli ilikuwa mkopo, si zawadi; kwamba waliotukatalia hawakuwa wendawazimu na waliotukubalia hawakuwa malaika; na kwamba kati yao walikuwapo viongozi waliojua wanachokitaka. Wajue vilevile kwamba heshima iliyopatikana kwa kukataa masharti mwaka 1965 ilivuja polepole katika karakana zilizokosa vipuri.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wetu unajengwa tena, kwa fedha za mwingine. Nyufa zitakazofuata zitakuwa zetu.