Nani Aliyeumaliza Mtambara?

Katika misitu ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, upo mti uitwao mtambara. Ni wa jamii ya kungumanga, hukua ukafikia mita 50, na huota kwa asili katika milima michache ya Tanzania. Leo umo katika orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka. Kila ulizwapo sababu, kidole huelekezwa kwa mkulima wa iliki. Sisi tunasema hukumu hiyo ni ya upande mmoja.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, ukataji wa magogo kwa mashine uliingia katika misitu hiyo, ukisaidiwa kwa fedha za Finland. Magogo yaliteremshwa Tanga kupasuliwa mbao na kutengenezwa plaiwudi. Kelele zilipozidi, ukataji ule ukasimamishwa, na msaada wa nchi ile ile ukarudi mlimani, safari hii kwa jina la uhifadhi. Mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kazi hiyo ni njema, wala hatuipingi. Lakini hatujasikia aliyenufaika na magogo akiitwa atoe hesabu.

Aliyeitwa ni mkulima. Naye ana lake, hatulifichi: iliki hupenda kivuli, hivyo huiacha miti mikubwa akafyeka michanga iliyo chini yake, mtambara mzee ukianguka, hauachi mrithi. Kwa sababu hiyo, katika ushoroba wa Derema, wakulima zaidi ya elfu moja walizuiwa kuendelea na mashamba yao ili msitu uungane tena. Mazao yao yalihesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi walingoja fidia kwa miaka. Iliki ndiyo iliyokuwa ada ya mtoto, bati la nyumba, na hata sanda. Je, njaa nayo iliambiwa ingoje?

Na faida ya msitu huenda wapi? Mto Sigi hutoka humo, nao ndio unaonywesha mji wa Tanga. Anayefungua bomba mjini anakunywa kivuli cha mtambara, wala hajui kwamba kuna mtu mlimani aliyeachishwa shamba ili bomba lile lisikauke.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo katika vijiji vinavyopakana na hifadhi: katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, ombeni kusomewa hadharani ni kiasi gani cha mapato ya hifadhi kimefika kijijini na kimetumikaje. Ombeni pia kwamba miche ya mtambara ioteshwe vijijini, ipandwe mipakani mwa mashamba, na mwenye shamba aandikwe kuwa ndiye mwenye mti. Majibu yaandikwe katika muhtasari, na nakala ibaki kwenu.