Majilio ya Watu wa Njiani

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka huu wa 2025 imeangukia Novemba 30, mwezi mmoja baada ya zile siku ambazo wengi wetu tunaoishi ughaibuni hatukulala. Intaneti ilipozimwa nchini Tanzania Oktoba 29, siku ya uchaguzi, ujumbe wetu ulibaki na tiki moja. Walioko Lindi na Kilwa walitujibu baadaye kwamba ni wazima. Wenye watoto na wadogo zao Dar es Salaam, Mwanza na Arusha hawakuwa na utulivu huo. Watu waliuawa, na zipo familia ambazo hadi leo zinaulizia ndugu zao.

Kwa hiyo tahariri hii haitaanza na salamu za Krismasi. Majilio ni kipindi cha rangi ya zambarau, rangi ya toba na ya kungoja, na anayengoja hukiri mbele ya Mungu kwamba anachokiomba hajakipata. Kukiri huko kunatosha kwa sasa. Hatuna haki ya kumwambia mama aliyempoteza mwanawe kwamba yote yatakuwa sawa.

Kusini kwetu kuna Majilio ya kukumbukwa, ya mwaka 1876. Oktoba ya mwaka huo Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakashika njia ya bara kwa miguu. Nia ilikuwa kufika upande wa Ziwa Nyasa, ambako maelfu ya watu walikuwa wameteremshwa pwani kwa minyororo miaka mingi, na Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya biashara ile. Sasa waliowahi kuwa mateka walikuwa wanapanda kuelekea walikotolewa wenzao, mizigo yao wenyewe kichwani.

Nyasa hawakufika. Walipofika Masasi, penye vile vilima vya mawe, waliiona ardhi nzuri na maji, wakaomba wabaki palepale. Steere alikubali, akarudi Unguja, akamwacha nao kijana wa miaka 22, William Percival Johnson. Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka ule ilikuwa Desemba 3. Kwa yeyote aliyekulia kusini, Desemba ni mwezi wa kutazama mawingu na kuandaa mbegu. Watu wale walikuwa wametoka utumwani lakini hawajafika kwao. Hawakuahirisha maisha hadi wafike. Walijenga, wakalima, wakabatiza watoto, wakazika wafu wao katikati ya njia.

Hatujilinganishi nao kwa mateso. Wengi wetu tulipanda ndege kwa hiari, na tiketi tulinunuliwa na shangazi aliyeuza korosho zake. Lakini nasi ni watu wa katikati ya njia. Tumekaa huku miaka mingi tukisema tukirudi tutajenga, tukirudi tutapatana na kaka, tukirudi tutawaeleza wazazi ukweli wa maisha yetu. Wenzetu wa Masasi wangetushangaa.

Tena makazi yao hayakupewa kinga yoyote. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua, wakateka. Waliokwisha kuonja uhuru wakachukuliwa tena. Baadhi ya waliosalia walihamia Newala na misheni yao. Masasi iliinuka baadaye, na mwaka 1926 ikawa makao ya dayosisi. Ni rahisi kuruka kutoka 1876 hadi 1926, na mara nyingi tumeruka. Waliochukuliwa mwaka 1882 hawakuiona dayosisi.

Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipoanza, ulikuwa mgumu zaidi. Agosti 14, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa njiani kutoka Kilwa kwenda Liwale. Wiki chache baadaye misheni za Lukuledi na Nyangao zilikuwa zimeteketezwa. Kisha jeshi la Wajerumani likachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kanisa linawakumbuka wafiadini wale watano kwa majina, na ni haki. Waliokufa njaa Umatumbi na Ungindo hawana orodha mahali popote. Hata wa 1876 ni vivyo hivyo: Steere na Johnson tunawajua, lakini ni nani kati yetu anayeweza kumtaja mwanamke mmoja tu aliyetembea nao kutoka Lindi? Tunaamini toba ya Majilio inagusa hapo. Tumewangojea wakubwa na kuwasahau wenzetu wa njiani.

Mwaka huu, Jumapili ya tatu, Desemba 14, Wakatoliki na Waanglikana wengi watasomewa sura ya 11 ya Mathayo. Yohana Mbatizaji yuko gerezani. Yeye aliyetangaza kwa sauti kuu, sasa anatuma wanafunzi wake kumuuliza Yesu kama ndiye hasa, au wamngojee mwingine. Yesu hamkemei kwa shaka yake. Anamjibu kwa yanayoonekana: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanapata habari njema. Lakini mlango wa gereza haufunguki, na Yohana hatoki mle hai. Tunaomba wachungaji wetu wa huku wasiipite hiyo habari haraka kukimbilia hori la Bethlehemu.

Jumuiya yetu ina Waislamu wengi kuliko Wakristo, kama ilivyo Kilwa na Lindi zenyewe, na katika zile siku za Oktoba hakuna aliyemuuliza mwenzake dini kabla ya kumuuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo ombi hili ni kwa kila nyumba. Mwenye ndugu aliyeuawa, aliyefungwa au ambaye hajaonekana, alete jina lake kwa wahariri kabla ya Jumamosi, Desemba 13. Jina moja tu linatosha, bila ukoo, kwa usalama wa walioko nyumbani. Katika ibada ya Kiswahili ya kesho yake tutayasoma yote kwa sauti, na aliye Mwislamu atasomwa kwa jina lake kama alivyopewa na wazazi wake.