Msikate Mlingoti

Jioni ya mkutano wetu wa mwisho, wenye mashua kumi na mmoja tulikaa barazani tukibishana juu ya msumeno. Hoja iliyoletwa ilikuwa hii: tupunguze ubao wa juu wa tezi injini ikae vizuri, tuondoe foromali, tufupishe mlingoti ubaki nguzo ya kufungia turubai. Wageni wanataka kivuli. Tanga linahitaji mabaharia watatu, na likilowa mvua lisianikwe linaoza. Injini inahitaji mtu mmoja na dumu la petroli.

Mimi nina nusu ya mashua moja hapa Lamu. Nusu nyingine ni ya ami yangu, aliyenishikisha usukani kabla sijajua kuandika jina langu. Nilipinga. Lakini kabla sijawafikia wakataji, nina neno na wale waliokuwa upande wangu, kwa sababu wao ndio walionitia hasara zaidi.

Walisema: “Asili isiguswe.” Asili ipi, jamani? Mtepe, chombo tunachojivunia kuliko vyote, ulishonwa kwa kamba za kumbi na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mashua zetu zina misumari ya chuma na tanga la pamba. Hata jina la kitambaa, marekani, limetoka kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliotuletea majora yao katika karne ya 19. Hiyo tezi bapa nayo, wapo wanahistoria wanaosema tuliiga kwa Wazungu. Kama babu zetu wangesikiliza hotuba za asili, leo tungekuwa bado tunashona mbao.

Tena angalia ni nani anayeipenda sana hiyo asili. Mara nyingi ni mtu anayepiga picha tanga likipita mbele ya Shela machweo, kisha anapanda boti ya kasi kwenda uwanja wa ndege kule Manda. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku Kizingitini, upepo umelala, maji yanatoka, hahitaji picha. Anahitaji injini. Anayemwambia asubiri upepo kwa heshima ya mababu hana utu, na hao mababu wenyewe wangemshangaa.

Kwa hiyo injini, ndiyo. Punguzeni ubao wa tezi, mradi fundi apime kwanza, maana uzito ukizidi nyuma omo huinuka, tezi huzama, na wimbi la nyuma huingia ndani bila kubisha hodi. Turubai, ndiyo, liwe la kukunja. Jaketi za kujiokolea ziwe za lazima, na anayesema zinaharibu sura ya chombo aulizwe kama anajua kuogelea.

Lakini mlingoti, hapana.

Mwaka juzi, msimu wa kusi, mashua moja iliyokatwa mlingoti ilitoka Pate na abiria tisa. Mwenyewe alikuwepo barazani siku ile, sitamtaja. Karibu na Mkanda, ule mlango mwembamba usiopitika vizuri ila maji yakijaa, petroli iliyoingia maji ikazima injini. Maji yalikuwa yanatoka. Chombo kikasukumwa hadi kwenye tope la mikoko kikakaa upande. Abiria, mmoja wao akiwa bibi mwenye kisukari, walikaa na mbu hadi maji yalipojaa tena usiku wa manane. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Ila jambo ninalotaka mlikumbuke ni hili: upepo ulikuwa unavuma muda wote. Ulikuwa upepo mzuri, wa kuwafikisha nyumbani. Hawakuwa na kitu cha kuushikia.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kila badiliko. Usiniulize kama ni la kisasa au la zamani. Niulize: linaongeza njia ya kurudi nyumbani, au linapunguza? Injini pamoja na tanga ni njia mbili. Injini peke yake ni njia moja, na njia hiyo inanunuliwa kwa lita.

Najua jibu la wakataji, na ni jibu zito: mabaharia watatu wanalipwa na nani? Msimu ukiwa mbaya, kumlipa mmoja tu ni shida. Sikatai. Lakini yule kijana wa tatu, mnayemwita gharama, ndiye anayejifunza kuzungusha foromali mbele ya mlingoti upepo ukigeuka. Mkimwondoa leo, baada ya miaka ishirini hakuna wa kumfundisha mtoto wake. Mtepe uliisha mwanzoni mwa karne ya 20. Watu walipotaka kuujenga upya, ilibidi wasome vielelezo vidogo vya makumbusho na kubahatisha yale ambayo mikono ilikuwa ikiyajua.

Hatuko peke yetu katika ugomvi huu. Skandinavia wana mashua ndogo ya safari iitwayo Folkboat. Ilizaliwa mwaka 1942, baada ya shindano la michoro lisilopata mshindi. Mazuri ya michoro kadhaa yakaunganishwa na Tord Sundén kuwa chombo kimoja. Miaka ya 1970 fibaglasi ikaingia. Wapenzi wa mbao wangeweza kuikataa, na wenye fibaglasi wangeweza kutengeneza kitu chepesi na kuwaacha wenzao nyuma. Badala yake chombo kipya kiliumbwa kwa umbo lile lile, hata mistari ya mbao zilizopandana ikabaki ubavuni, na uzito ukalinganishwa ili cha mbao na cha fibaglasi vishindane sawa. Walikubaliana kwanza nini kisiguswe, ndipo wakawa huru kubadilisha mengine.

Sisi hatujawahi kukaa kukubaliana hivyo. Tunarushiana maneno, “mshamba” huku, “msaliti” kule, na wakati tunapigana msumeno unafanya kazi. Tangu mkutano ule milingoti miwili imeshakatwa.

Mkutano ujao nitaleta karatasi yenye mistari mitatu. Kila mashua inayobeba abiria iwe na tanga linaloweza kutwekwa. Kila badiliko la umbo lipitiwe na fundi wa Matondoni kabla mbao haijaguswa. Na mshahara wa baharia wa tatu tuuchangie sote kumi na mmoja, kidogo kidogo, kutoka nauli ya kila safari.

Ami ameshatia sahihi. Zimebaki kumi, ya kwangu ikiwemo, na nitaitia mbele yenu ili mwione.