Bangi ya tiba: fedha ziko maabara, si shambani Mbinga

Msimu wa kahawa unapofungwa wilayani Mbinga, fedha huanza kutafuta pa kwenda. Madeni ya mbolea yakishalipwa na bati zikishanunuliwa, kinachobaki huingizwa dukani, kwenye pikipiki, kwenye nyavu za dagaa kule Mbamba Bay na Liuli, au kwenye magunia ya mahindi ya kusubiri bei. Katika miaka ya karibuni mazungumzo ya namna nyingine yamejipenyeza katikati ya hesabu hizo. Ni mazungumzo ya bangi ya tiba.

Hoja yenyewe husemwa hivi. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wameruhusu. Wanasayansi wamekwisha kuthibitisha kuwa ni dawa. Ulaya na Marekani zinaihitaji. Milima ya Umatengo ina mvua, ina udongo na ina wakulima hodari wa ngoro. Kwa hiyo mwenye akili akodi ardhi sasa hivi, kabla Serikali haijafungua mlango na matajiri wa Dar es Salaam hawajafika.

Hoja hiyo imechanganya kweli na ndoto, na kwa mwenye mtaji wa milioni mbili au tatu mchanganyiko wa namna hiyo ni hatari kuliko uongo mtupu. Uongo mtupu hugundulika mapema.

Ni kweli kwamba Bunge la Malawi lilipitisha sheria mwezi Februari 2020 ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya tiba na viwanda. Ni kilimo cha leseni, chini ya mamlaka maalum ya usimamizi, na sheria hiyo haikuhalalisha uvutaji. Lesotho ilikuwa imetangulia kutoa leseni mwaka 2017 na Zimbabwe ikafuata mwaka 2018. Rwanda iliamua mwezi Oktoba 2020 kuruhusu kilimo cha kuuza nje tu. Ni kweli pia kwamba Desemba 2, 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura mjini Vienna, kura 27 kwa 25, kuiondoa bangi katika jedwali la ukali wa juu kabisa la Mkataba wa 1961. Waliosoma kichwa cha habari peke yake walishangilia. Waliosoma hadi mwisho waliona kuwa bangi imebaki katika Jedwali la Kwanza, pamoja na afyuni na kokeini. Kilichofunguliwa zaidi ni mlango wa utafiti.

Hapo ndipo mwenye mtaji anapaswa kutulia na kuuliza utafiti umeona nini, kwa kuwa bei ya zao lolote la dawa hutoka huko.

Bangi ina viini vingi vya kikemia, lakini viwili ndivyo vinavyotajwa sana. Cha kwanza ni THC, ambacho wataalamu wa Israel, Gaoni na Mechoulam, walikitenga mwaka 1964. Hicho ndicho kinacholewesha. Cha pili ni CBD, ambacho hakilewesha. Anayezungumzia bangi ya tiba bila kutenganisha viwili hivyo ni sawa na anayezungumzia bei ya kahawa bila kusema kama ni arabika au robusta.

Ushahidi ulio imara zaidi wa kutibu unahusu CBD na kifafa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyohusisha watoto na vijana 120 wenye kifafa cha nadra kiitwacho Dravet, ambacho kwa kawaida hutokana na hitilafu ya jeni na huwa hakisikii dawa za kawaida. Waliopewa CBD, degedege zao zilishuka kutoka wastani wa kati wa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Waliopewa dawa bandia walitoka 14.9 hadi 14.1. Hayo ni matokeo makubwa kwa mzazi yeyote. Hata hivyo dawa ilikuwa na gharama zake mwilini: usingizi, kuharisha, na kwa baadhi yao vipimo vya ini kuharibika. Mwezi Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Epidiolex.

Nje ya kifafa, jopo la taasisi za taifa za sayansi za Marekani lilipitia tafiti nyingi na kutoa ripoti mwaka 2017. Lilikuta ushahidi wa kutosha katika mambo machache: maumivu ya muda mrefu kwa watu wazima, kichefuchefu cha dawa za saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wenye ugonjwa uitwao multiple sclerosis. Orodha ndefu inayosikika vijiweni, kuanzia kisukari hadi kuponya saratani yenyewe, haikupata uthibitisho huo.

Ripoti hiyo hiyo ilikuta pia ushahidi wa kutosha wa madhara: mkamba wa muda mrefu kwa wavutaji, ajali za magari, watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na kuongezeka kwa magonjwa ya akili yanayomtenga mtu na hali halisi. Habari hii ya mwisho si mpya. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden waliofuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini walieleza kuwa waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya kupata skizofrenia mara sita ya wasiovuta. Utafiti wa miji ya Ulaya na Brazil uliochapishwa mwaka 2019 uliongeza kuwa wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano. Skanka, ambayo imekuwa ikikamatwa nchini, ni ya kundi hilo la nguvu kubwa. Kwa hiyo anayesema sayansi imeisafisha bangi amesoma nusu ya karatasi.

Sasa fedha. Epidiolex ilipoingia sokoni, gharama yake ilitangazwa kuwa karibu dola 32,500 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2021 kampuni iliyoitengeneza, GW Pharmaceuticals ya Uingereza, ilinunuliwa na Jazz Pharmaceuticals kwa takriban dola bilioni 7.2. Hizo ndizo tarakimu zinazowatoa watu mate. Lakini mimea ya dawa hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilipandwa na kampuni ya sukari, British Sugar, katika nyumba ya vioo ya hekta 18 huko Norfolk, mahali palipokuwa panalimwa nyanya. Hekta 18! Kuna wakulima wa kahawa Mbinga wakijumuika watatu au wanne wanafikisha eneo hilo. Mabilioni hayakulipwa kwa ajili ya majani. Yalilipwa kwa ajili ya majalada ya majaribio kwa wagonjwa, hati miliki, na uwezo wa kutoa chupa ya leo inayofanana na ya mwaka jana tone kwa tone.

Mkulima wa Mbinga anaielewa hesabu hii kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ameishi nayo. Anajua tofauti ya bei kati ya kahawa mbivu, kahawa ya maganda na kahawa iliyokobolewa, na anajua kikombe kinauzwa shilingi ngapi hotelini Ulaya. Kwenye bangi ya tiba umbali huo kati ya shamba na kikombe ni mkubwa zaidi, na kila hatua ina mkaguzi wake: mbegu, maji, viuatilifu, ukaushaji, ukungu, madini mazito. Shehena ikishindwa kipimo kimoja haishushwi daraja kama kahawa. Haitakiwi kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga debe hawalisemi. Bangi ya asili ya kusini mwa Afrika, pamoja na ile ya Malawi inayosifiwa duniani na ambayo wenyewe huiita chamba, kwa kawaida ina THC nyingi na CBD kidogo. Sifa yake imetokana na kulewesha. Dawa ya kifafa inatoka kwenye mimea iliyochaguliwa kwa kinyume chake. Anayedhani mbegu ya kienyeji ya mwambao wa Nyasa ndiyo inayotafutwa na viwanda vya dawa za kifafa amekosea mmea.

Wenye hisa wa nchi kubwa nao wamekwisha kuungua. Mwaka 2018, Canada ilipokuwa inahalalisha, kampuni ya Canopy Growth ilinunua kampuni ya bangi nchini Lesotho. Mwaka 2020 ikatangaza kujiondoa Afrika. Wakulima walikuwa wengi kuliko wanunuzi, na mwaka 2021 pekee makampuni ya Canada yaliteketeza zaidi ya tani 400 za bangi isiyouzika. Malawi ilifikia kumwomba bondia Mike Tyson awe balozi wa zao hilo, mwishoni mwa 2021. Zao lenye wanunuzi wa kweli haliombi msaada wa bondia.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake yenyewe, nayo ni pakanga, ile Artemisia annua ya dawa ya malaria. Pale sayansi haikuwa na shaka na dawa ilihitajika kwa mamilioni ya watu. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wakahamasishwa kupanda. Kilo moja ya kiini chake, artemisinini, ilipanda hadi zaidi ya dola 1,000 mwaka 2005. Kila mtu akapanda, Wachina wakapanda zaidi, na mwaka 2007 bei ikawa chini ya dola 200. Dawa iliendelea kuponya watu kama kawaida. Waliobaki na majani makavu ghalani ni wakulima.

Na pakanga ilikuwa halali. Bangi, kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 na marekebisho yake, ni kosa la jinai kuilima, na kifungo kinaweza kufika miaka 30. Mwenye ardhi anayejua na kunyamaza naye yumo hatarini. Hakuna benki itakayokopesha, hakuna bima, na mshirika akidhulumu hakuna mahakama ya kumshitakia. Mtumbwi wa Nkhata Bay hauhamishi sheria ya Malawi kuja Mbamba Bay, hata kama nchi hizo mbili hazijakubaliana mpaka unapita wapi ziwani.

Hata hivyo Serikali nayo isiachwe ikae kimya kana kwamba suala limekwisha. Ruvuma ina sababu yake ya kuufuatilia utafiti huu, na sababu hiyo ni kifafa. Mkoa huu ni miongoni mwa maeneo ya usubi nchini, kwenye mito yake ya kasi. Jirani, huko Mahenge, ambako Dk. Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianza kliniki ya kifafa miaka zaidi ya 60 iliyopita, watafiti wamekuwa wakichunguza uhusiano wa usubi na kifafa cha watoto. Wagonjwa wengi wa vijijini wanategemea fenobabito, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na si kila siku inapatikana. Kwao kunywa vidonge hivyo bila kukatiza, na kumeza dawa ya usubi kila mwaka inapogawiwa, kuna maana kubwa kuliko mafuta ya CBD ya dola elfu thelathini. Lakini wapo ambao dawa za kawaida hazitawasaidia, na kwao swali la CBD ni la haki.

Mkataba wa 1961 wenyewe unaruhusu matumizi ya tiba na utafiti. Taifa lina Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa 1979. Lina Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, na lina maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mashamba ya bangi yanapofyekwa na kuchomwa, takwimu zinazotangazwa ni za ekari na kilo. Kipimo cha THC na CBD cha sampuli chache kabla ya moto kuwashwa, kikichapishwa wilaya kwa wilaya, kingewaambia madaktari wa Mirembe wanashughulika na nguvu ya kiasi gani. Kingewaambia na wenye mitaji kama kuna chochote cha kujadili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mafuta ya magari ya operesheni moja, na uvumi mwingi ungekufa kwa karatasi moja.

Wakati huo mawakala wataendelea kupita. Atakayefika Mbinga na mkataba wa kukodi ardhi kwa ajili ya "zao la dawa", akiomba ada ya usajili au fedha ya mbegu kwanza, aulizwe vitu vitatu. Aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, jina la kiwanda kilichoahidi kununua kwa maandishi, na matokeo ya maabara ya mbegu anayoiuza. Akianza kueleza jinsi Wazungu wanavyoipenda, kahawa ipaliliwe.