CHAI YA SUNNA AU CHAI YA KUHARISHA? TUMCHE ALLAH KATIKA MATUMBO YA WATU



Ndugu yangu Muislamu, dada yangu Muislamu, soma mpaka mwisho kabla hujanituhumu kuwa napinga tiba ya Mtume (s.a.w.).

Baada ya Ramadhani nililetewa paketi ya chai. Juu imeandikwa "Chai ya Sunna". Chini yake: inaondoa gesi, inalainisha choo, inapunguza kitambi, inasafisha damu. Majani yaliyomo hayakutajwa hata moja. Tumbo langu lilikuwa limechoka na sambusa na bajia za mwezi mzima, nikanywa kikombe usiku. Alfajiri nilikwenda chooni mara tatu, jamaa ikanipita. Lakini nikajihisi mwepesi, na jioni nikaisifu chai ile darsani.

Hilo ndilo kosa langu. Mzee mmoja wa msikitini kwetu, anayetumia vidonge vya presha vile vya kukojoza, alinisikia. Akanywa kila usiku kwa wiki tatu. Miguu ikawa inamkaza, moyo unakwenda mbio, nguvu zinamwisha. Hospitali wakakuta potasiamu mwilini imeshuka mno. Alhamdulillah amepona. Lakini aliniambia: "Ustadhi, mimi nilikunywa kwa sababu umesema wewe."

Nikamfuata muuzaji. Nilipombana akakiri kuwa sehemu kubwa ya majani yale ni sanamaki.

Sasa elewa sanamaki ni nini. Ni dawa ya kuendesha tumbo, na ni dawa kweli. Ukiinywa, bakteria walioko kwenye utumbo mpana huigeuza, kisha inausukuma utumbo ujikaze na kutoa choo. Huchukua kama saa 6 hadi 12, ndiyo maana ukinywa usiku inakuamsha alfajiri. Mwenye choo kigumu itamfaa kwa siku chache. Kuitumia zaidi ya wiki moja bila ushauri wa daktari si jambo salama, kwa sababu kuharisha kunatoa maji na chumvi za mwili. Na mwenye vidonge vya kukojoza tayari anapoteza potasiamu. Ukimwongezea kuharisha unamtia hatarini, maana moyo unaitegemea potasiamu hiyo.

Na kitambi je? Chakula hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati mafuta ya chapati yako yameshaingia mwilini zamani! Kilo iliyopungua kwenye mizani ni maji na choo. Kunywa maji, kula, itarudi. Huo si upungufu wa mafuta, ni kudanganywa.

Utaniambia: "Ustadhi, sanamaki imetajwa katika hadithi." Naam, imo katika Tirmidhi na Ibn Majah, na wanazuoni wamezungumza juu ya sanadi yake. Lakini isome yote! Mtume (s.a.w.) alimuuliza Asmaa bint Umays anatumia nini kulainisha tumbo. Alipotaja dawa ya shubrum, Mtume hakuridhika nayo kwa ukali wake. Kisha ndipo ikaja sifa ya sanamaki. Mazungumzo ni ya kulainisha tumbo, na dawa kali ikaepukwa. Kitambi kimetoka wapi? Kusafisha damu kumetoka wapi? Kunywa kila usiku kumetoka wapi?

Na wewe muuzaji, hadithi ya sanamaki umeihifadhi, ya rundo la chakula umeisahau? Imepokewa na Muslim: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, kisha Mtume akamtoa mwenye kughushi katika kundi letu. Kuificha sanamaki ndani ya paketi ni kuficha kilicholowa chini ya rundo. Na neno "Sunna" ulilobandika juu halikuokoi, linazidisha dhambi, maana umemtumia Mtume kuuzia ghishi.

Na wenzangu tunaoshika vipaza sauti: kujua kusoma khutba hakukufanyi tabibu. Mwenye kutibu watu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara yake. Hukumu hiyo imo katika Abu Dawud. Mimi nimeshamwomba mzee wangu msamaha, na darsa lile nimelirekebisha mbele ya walewale walionisikia.

Na wewe msomaji, usinywe chai isiyotaja majani yake. Kama tumbo limejaa tu, chemsha tangawizi au mnanaa, japo mnanaa huweza kumzidishia mwenye kiungulia. Mjamzito, mtoto, mwenye dawa za moyo au presha: muulize daktari kwanza. Maumivu makali ya tumbo usiyojua sababu yake usiyatibu kwa dawa ya kuharisha, nenda hospitali. Na kabla ya yote hayo, punguza sahani. Theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi: hiyo ndiyo Sunna ya tumbo, na haiuzwi kwenye paketi.

Ewe Allah, tukinge na kula mali ya watu kwa jina la dini Yako, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Mfikishie mama yako na jirani yako. Wallahu a'lam.