Si Kila Kitabu cha Picha ni cha Mtoto

Leo tuzungumze juu ya kitabu ambacho huenda kimo nyumbani mwako nawe huna habari. Ukikuta katika begi la kijana wako wa shule ya upili au chuo kikuu kitabu cha picha za wino mweusi, chenye mtu wa jicho moja aliyebeba upanga mpana kama ubao wa mlango, basi umekutana na Berserk.

Hii ni hadithi ya vibonzo kutoka Japani, aina iitwayo manga. Mwanzo wake uko kule ambako sisi huweka mwisho, na picha zake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hilo lisikushangaze. Washairi wa Lamu na Pate waliandika tendi zao vivyo hivyo, kwa hati za Kiarabu.

Kentaro Miura alianza kuichora mwaka wa 1989, akiwa na umri wa miaka 23, na juzuu ya kwanza ikatoka mwaka wa 1990. Ndani yake tunamkuta Guts, shujaa asiyependeza hata kidogo. Ni mkali, hana shukrani, na Puck, kiumbe mdogo mwenye mabawa anayemfuata, humfokea ovyo. Shingoni ana alama inayowaita pepo wabaya kila usiku. Kasisi mmoja na binti yake wanampa nafasi katika gari lao la kukokotwa. Kabla hakujapambazuka, wote wawili wamekufa. Unafunga juzuu hiyo ukijiuliza: mtu huyu alitendwa nini hata akawa hivi?

Jibu laja polepole katika juzuu zinazofuata. Alizaliwa na mama aliyekwisha kunyongwa, akalelewa na askari wa kukodiwa, kisha akasalitiwa na Griffith, rafiki aliyemthamini kuliko wote, ambaye aliwatoa wenzake kafara ili apate ukuu. Hapo ndipo penye uzito wa hadithi hii. Ni wangapi kati yetu tunaomhukumu kijana mkorofi wa jirani kwa juzuu moja tu ya maisha yake?

Nawe mzazi, picha zisikuhadae ukadhani hao ni akina Juha Kalulu. Humo mna mauaji ya kutisha, na mna ubakaji uliochorwa bila kufichwa. Dark Horse, kampuni ya Marekani inayokitoa kitabu hiki kwa Kiingereza, imekitenga kwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mtoto wa shule ya msingi hana lake humo. Lakini kwa aliye mtu mzima, usikimbilie kiberiti. Kisome kwanza wewe, kisha mkae mzungumze. Kijana akinyang'anywa kitabu bila maelezo atakwenda kukisoma kwa rafiki, na huko hakuna wa kumwambia kwa nini jambo fulani ni ovu.

Nanyi wanafunzi, kuna funzo jingine nje ya kurasa. Miura alifariki tarehe 6 Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 54, hadithi haijafika mwisho. Bahati ni kwamba miaka mingi nyuma alikuwa amemsimulia yote Kouji Mori, rafiki yake wa tangu shuleni, ambaye pia ni mchoraji. Mwaka wa 2022 Mori alikubali kuisimamia kazi hiyo, ikichorwa na wasaidizi wa marehemu wa Studio Gaga, akaahidi kutoa yale tu aliyoambiwa. Juzuu ya 42, ya kwanza kuchorwa bila Miura, ilitoka mwaka wa 2023.

Hivyo hadithi ya rafiki msaliti imenusuriwa na rafiki mwaminifu. Wewe je, msomaji, kazi uliyoianza ungemwachia nani? Lifikirie hilo hadi tukutane tena Jumapili ijayo.